Watafiti Watatu na Tanbihi Moja

Maktaba ya chuo ilikuwa na mkutubi ambaye wanafunzi walimwita Mama Mikono Nyuma. Ukimwomba akutafutie makala, atakuja, atasimama nyuma ya kiti chako, ataifunga mikono mgongoni, na kibodi hataigusa hata ukilia. "Andika mwenyewe, mwanangu. Siku ya mtihani mimi sitakuwepo." Walinung'unika, wakajifunza. Makala ile ile iliyowadai malipo wakiifungua nyumbani, wakipitia ukurasa wa maktaba kwa namba zao za usajili, ilifunguka bure. Alipenda kuona nyuso zao zikichanua, akajisikia kana kwamba makala zote kaziandika yeye.

Alhamisi moja akaja muuguzi wa wodi ya wazee, mwanafunzi wa masomo ya jioni, maji yamemfika shingoni. Tasnifu yake ilitakiwa isainiwe kabla ya saa tisa kesho yake, la sivyo arudie mwaka, na hospitali ilikwisha kumwambia ruhusa nyingine hapati. Alikuwa ameandika kwamba wazee waliolazwa, wakiongeleshwa kila siku, hula vizuri zaidi. Aliwafuatilia miezi mitano. Msimamizi wake, ambaye chuo kizima kilimwita Bwana Chanzo, alikataa katakata.

"Anasema nimepingana na watafiti watatu," muuguzi alieleza. "Wote wameandika kwamba mzee mgonjwa hupenda kuachwa kimya. Ananiuliza chanzo changu kiko wapi. Mama, chanzo changu ni wazee wenyewe."

"Hao hawana tanbihi. Haya, mwandike huyo mtafiti wa kwanza."

Muuguzi akaandika jina kwenye injini ya kutafutia, makala ikaja, akashuka mpaka kwenye marejeo. Kumbe wa kwanza hakuzungumza na mzee yeyote, alimnukuu wa pili. Wa pili alimnukuu wa tatu. Wa tatu alinukuu tasnifu ya zamani ya chuo hicho hicho, na mwenye tasnifu alikuwa Bwana Chanzo, enzi zile akiwa bado na nywele.

Mkutubi alifurahi vibaya mno. Bwana Chanzo mwenyewe alikuwa meza ya tatu, anasoma gazeti kama kila adhuhuri. Mkutubi akamwita kwa sauti ya asali.

"Daktari, hebu njoo utusaidie kutafuta chanzo." Akamkalisha kitini, akarudisha mikono mgongoni. "Andika mwenyewe. Jina lako unalijua."

Tasnifu ikafunguka, ukurasa wa arobaini na mbili, tanbihi chini. Bwana Chanzo akaanza kuisoma kwa sauti ya darasani, akaimalizia kwa kunong'ona: "Mazungumzo na mtumishi wa maktaba anayemuuguza mama yake mzazi."

Muuguzi akacheka, lakini mkutubi hakucheka. Alikuwa amekumbuka. Miaka ile, kijana mmoja mwenye haraka alisimama mbele ya meza yake, akamuuliza mama anaendeleaje, naye akamjibu kwa mkato huku akigonga mihuri kwenye vitabu: hataki kuongea na mtu, anataka kuachwa kimya.

"Uliniambia wewe," Bwana Chanzo alijitetea.

"Nilikuambia." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Lakini mama alikuwa akipiga soga na majirani mpaka chakula kinapoa. Alikuwa ameninunia mimi tu. Tulikuwa tumegombana."

Bwana Chanzo akaivuta tasnifu ya muuguzi iliyokuwa mezani, akaomba kalamu, akasaini bila kuuliza kitu. Muuguzi akaikumbatia kazi yake kama mtoto mchanga.

"Na mlipatana?" Bwana Chanzo aliuliza, akiinuka.

"Tulipatana. Nikakaa naye, tukaongea mchana kutwa, na siku hiyo akala sahani mbili." Mkutubi akamkazia macho. "Lakini hilo usiende kuliandika."