Aika, Injini ya Baba Bado Nzima

Asubuhi hii nimempigia simu Aika. Nimepiga kabisa, imeita, ndipo nikakumbuka. Jamani, Aika wa gereji yetu ya Soweto, hapa Moshi, ametutoka jana! Ameugua kidogo tu.

Wengi mnamjua kama fundi. Mimi namjua kama mtu mwenye wazimu wa kupima magari! Mashine ya kupima horsepower, yaani nguvu ya injini, hatuna, yeye akasema barabara tunayo, simu tunayo, uzito wa gari unajulikana. Shida iko wapi?

Tulikuwa tunashuka kwenye lami iliyonyooka huko chini kwenye mashamba ya miwa. Gia ya tatu, mafuta mpaka mwisho, mimi napima kwa simu muda wa kutoka kilomita arobaini hadi themanini kwa saa. Ukiuweka muda huo pamoja na uzito wa gari, unapata nguvu ya injini.

Halafu tunatoa gia, tunaweka free, gari linaserereka lenyewe, tuone upepo na matairi vinalipunguza mwendo haraka kiasi gani. Ole wako uwe dereva, Aika atakupigia kelele: "Mangi, usiguse breki! Unaniharibia data!"

Siku yetu kubwa ilikuwa ya gari la baba yake. Mzee alishasema limechoka, linaenda kwa watu wa vyuma chakavu. Aika alijifunzia udereva humo. Akamwomba, "Baba, nipe Jumamosi hii tu. Nikikuta injini imekufa, uza."

Tukalichukua kwao Old Moshi, tukapima. Nguvu ndogo! Tukageuza, tukapima upande wa pili, isije ikawa upepo. Ndogo vilevile. Aika akashuka, akakaa kando ya barabara. Sikuwahi kumwona hivyo, niliumia.

Nikafungua buti nitafute maji ya kunywa. Kumbe kazi ya mama yake! Mikungu ya ndizi, magimbi, gunia la maparachichi, dumu la maziwa. Alipakia wakati sisi tunamwamkia mzee. Mchagga gani anaondoka kwao mikono mitupu? Na uzito wote huo hatukuuweka kwenye hesabu!

Tukashusha vyote kando ya barabara, tukapima upya. Injini nzima! Aika alicheza pale pale kwenye lami, simu sikioni: "Baba, hauzi mtu hapa!"

Hakuuza. Kesho tunakupandisha nyumbani Old Moshi, Aika, na mzee ameniambia niendeshe gari lake.

Tukishakuzika nitalishusha kwenye lami yetu, niliweke free, liende mpaka lisimame lenyewe. Breki sigusi, rafiki yangu. Lala kwa amani.