Miti Inayopendwa na Mbuzi

Nilikuwa Kitengela, kwa muuza miche, nikitafuta miti ya kupanda mpakani, bwana mmoja mwenye tai aliposema, "Nipatie miti ya fensi ambayo mbuzi hawawezi kula. Wanamaliza kila kitu nikipanda." Akapewa kayaba, yenye miiba kama sindano.

Nyuma yake alisimama mama mwenye shanga shingoni. "Mimi nataka ile mbuzi wanapenda," akasema.

Muuzaji akacheka. "Ya kupanda wapi, mama?"

"Kwa mpaka. Kuna mtu amejenga hapo juzi, ile nyumba ya mabati ya bluu. Mbuzi zangu zikishiba kwangu, hazitamsumbua."

Bwana mwenye tai, kumbe ndiye mwenye mabati ya bluu, akaitazama miche yake, kisha akauliza kama kayaba hurudishwa.

Hairudishwi.

Zamu yangu ikafika. Nikasema ngoja kwanza nikamwone jirani.