Maumivu ya Panya na ya Mkwe Wangu

Watu waliniita Bwana Panya, nami nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika. Kazi yangu ndiyo ilikuwa hiyo: kupima maumivu ya panya. Usicheke. Ilikuwa miaka ile ya mashamba ya karanga, Nachingwea imejaa matrekta na vumbi. Katika hospitali ndogo ya kambi moja, ambayo sitaitaja, kulikuwa na daktari wa Kizungu aliyetaka kujua kama mzizi ambao watu wa Lionja hutafuna jino likiuma ni dawa kweli au ni maneno tu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tulikuwa na kipande cha shaba kilichopashwa moto, si moto wa kuunguza, wa kuuma. Juu yake tulisimamisha gudulia la kioo lisilo na kitako ili panya asitoroke. Namtia panya mweupe, nabonyeza saa, natazama. Akilamba kiganja cha mbele au akiruka, nabonyeza tena na kuandika: sekunde nane, sekunde tisa. Halafu anadungwa maji ya mzizi na kurudishwa. Akikawia kulamba, tunasema dawa imemshika. Akifika thelathini namtoa, asije akababuka. Panya aliyenyamaza ndiye asiyeumia. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na mimi niliiandika kila siku kwa mwandiko mzuri bila kujiuliza lolote. Jirani yangu mmoja, mtani wangu, alizoea kuchungulia dirishani. "Wamenenepa, Bwana Panya," alikuwa akisema. "Mnawakaanga lini?"

Kisha mama mkwe akaletwa kutoka Mandawa, amelazwa juu ya magunia ya ufuta nyuma ya lori. Tumboni alikuwa na uvimbe. Daktari aliupapasa mara moja tu, akatikisa kichwa. Hakuna cha kukata, alisema. Kilichobaki ni sindano ya kutuliza maumivu, na sindano hizo zilikuwa chache, zimefungiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwake. Alipewa yule tu ambaye karatasi yake ilionyesha kuwa anaumia. Mkwe wangu alihitaji sindano ile, na mimi nilikuwa nafanya kazi vyumba viwili kutoka kwenye kabati lenyewe. Nilidhani ni jambo jepesi.

Kumwona sikuweza. Mkwe ni mkwe. Huingii alikolala, humtazami usoni, huulizi habari za tumbo lake. Mama huyu alinipa binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma, nimehamia kwao na jembe moja, mpini wenyewe wa kuazima. Nilimheshimu kuliko mama aliyenizaa, na heshima yenyewe ilikuwa kukaa mbali. Habari zake nilizipata kwa mke wangu, aliyekuwa akimuuguza.

Siku ya tisa mke wangu alikuja mpaka mlangoni mwa chumba cha panya. Hakunisalimu.

"Mama hajalala tangu tufike," alisema. "Anauma kanga mpaka imetoboka. Wewe unapima maumivu ya panya, ya mama yangu huyaoni?"

"Kwani sindano haimsaidii?"

"Sindano gani? Hajapewa hata moja! Nimemwambia dresa, kasema kila binti humlilia mama yake."

Nilikwenda mbio kwenye meza ya dresa, yule mhudumu aliyefunga vidonda na kuandika karatasi za wagonjwa, naye ametoka kwenda kula. Karatasi za wagonjwa zilikuwa zimepangwa pale. Nikaisoma ya mkwe wangu. Siku ya kwanza: hajambo. Siku ya pili: hajambo. Siku tisa, hajambo tisa. Nikaelewa. Dresa alikuwa mtu wa adabu, kila asubuhi alisimama kando ya kitanda akauliza, "Hujambo, mama?" Na mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha salamu, alimjibu inavyopasa, "Sijambo, baba." Hata angekijua Kiswahili chote, angejibu nini kingine? Mtu akikujulia hali unasema sijambo kwanza, hata kama unakata roho, kisha ndipo useme "ila." Dresa alikuwa amekwisha fika kitanda cha pili kabla ya hiyo "ila."

Nikaenda kwa daktari. "Bwana Daktari, yule mama anaumia sana."

"Anasema hajambo."

"Ile ni salamu, Bwana. Si jibu."

Akacheka kidogo, bila ubaya. Akasema amempitia mwenyewe, amemkuta amenyooka kimya kama mtu aliyepumzika. Anayeumia hujikunja, hulia, hulalamika. "Wewe unalijua hili kuliko wote hapa," akaniambia. "Umeshaona panya wangapi?"

Lo! Maneno yale yalikuwa ndani ya daftari langu, kwa mkono wangu.

Basi nikamtuma mke wangu akamwambie mama yake alie. Alie tu, asubuhi, dresa akipita. Jibu likaja jioni. Mkwe wangu alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa Mandawa aliwafunda yeye, na jambo la kwanza alilowafundisha ni kufunga mdomo uchungu ukija. Baadhi yao walikuwa nje ya ua wa hospitali wakimpikia uji. "Nikilia hapa," alisema, "nitakuwa niliwadanganya wote wale."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema.

Mke wangu akanitazama. "Kamwambie mwenyewe, kama unaweza."

Sikuweza. Nilifanya lile lililokuwa jepesi kwa mtu wa kalamu. Kesho yake, dresa alipokwenda kula, nikaandika chini ya hajambo ya kumi: Analia usiku kucha. Anapiga kelele. Alasiri daktari akapitia karatasi, akafungua kabati, na mkwe wangu akadungwa sindano.

Akalala. Mke wangu alinisimulia huku machozi yakimtoka, jinsi mikono ya mama yake ilivyofunguka, ile iliyokuwa imekunja ngumi siku zote zile. Alhamdulillahi! Nilikula ugali siku ile nikausikia utamu wake.

Mkwe alipoamka akauliza imekuwaje, na mke wangu, asiyejua kuficha, akamwambia. Mama akamtuma kwangu na maneno, kwa Kimwera chao, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Mwambie mkwe wangu amenisingizia kilio. Mimi sijalia. Ameniaibisha."

Mke wangu akaongeza: "Halafu akasema, mwambie aandike na kesho."

Nilikaa chini pale pale, katikati ya masanduku ya panya.

Hiyo kesho sikuandika. Dresa alikwisha utambua mwandiko. Nani mwingine kambini aliandika herufi zilizonyooka vile? Njia ya mwongo fupi. Akawauliza wagonjwa wa vitanda vya jirani kama mama huyu hulia usiku, nao, maskini, kwa nia njema kabisa, kwa kumtetea, wakasema: huyu? Hajalia hata mara moja.

Daktari akaniita. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Alilichukua daftari langu la panya, kazi ya miezi yote ile, akalitupa kwenye kapu la taka. Akasema mtu akidanganya kwenye karatasi moja, karatasi zake zote ni za kutupwa. Kazi ikaisha hapo. Mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu, nikaomba. Nifukuze, Bwana, nifunge ukitaka, ila sindano mpe. Akanijibu kwamba dawa ni ya wanaoihitaji kweli, na kwamba kwa kitanda kile hatadanganywa tena.

Siku ya nne baada ya hapo, mkwe wangu alilia. Alilia kweli, kwa sauti, asubuhi, dresa amesimama mbele yake. Mke wangu alikuwepo. Dresa alisikiliza, kisha akasema wodi nzima isikie: "Leo wamemfundisha mama mwenyewe." Akaandika hajambo, akapita.

Mimi nilikuwa nje ya ua, pamoja na wanawake wa Mandawa na vyungu vyao vya uji. Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikawa haikatiki. Wanawake wakatazamana. Mkubwa wao akauweka mwiko chini, akajitanda kanga kichwani, akainuka na kuondoka kuelekea barabarani. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka wakaisha wote, asije mmoja wao siku moja akaulizwa kama alimsikia kungwi wao akilia. Uji ukaungulia motoni. Mimi, mkwe, ndiye niliyepaswa kuondoka wa kwanza. Nilibaki, nikamsikiliza mpaka mwisho.