Folda Iliyoitwa Yangu

Mke wangu alipofariki, nguo zake ziligawanywa wiki ya tatu baada ya mazishi, kama tunavyofanya kwetu. Dada zake walitoka Embu, dada zangu wakaja, tukatandika mkeka uani, na kila kitu kikatolewa sandukuni kikapewa mtu. Koti lake la kijani alilichukua dada yake mkubwa anayeishi Kibugu, kwa sababu huko juu karibu na msitu kuna baridi na yeye huamkia kuchuma majani chai. Hakuna aliyepinga. Hakuna pia aliyeitaja kompyuta.

Ilikuwa mezani sebuleni, katika nyumba yetu ya kupanga pale Kinoru, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na ofisi ilipopata mashine mpya walimwachia ile ya zamani. Nyumbani akawa anawachapia watu barua na ratiba za mazishi. Mimi ni fundi wa baiskeli, niliishia darasa la saba, na mikono yangu haitoki grisi. Aliniruhusu kutazama, si kugusa. Alipougua ndipo aliponifundisha kuiwasha na kufungua folda, yeye akiwa amekaa kando yangu na blanketi.

Folda za wateja zilikuwa na majina ya kazi zao. Moja iliitwa Yangu. Miezi ile ya mwisho alikuwa akirudi kutoka kliniki anakaa pale na kuchapa kidogo ndani ya hiyo. Sikumwuliza anaandika nini. Ningependa kusema ilikuwa heshima, lakini ilikuwa woga.

Baadaye mashine ikaanza kukwama. Kijana wa duka la kompyuta alikuja, akasema diski ya kwanza, ile ya C, inakufa. Akaniwekea ya pili, D, na kuniambia nihamishie huko kila tunachokitaka, maana Jumatatu angerudi kuifuta ile ya kwanza. Alinionyesha njia mbili: kukopi, ambapo kitu hubaki kule na huku, na kukata, ambapo kinaondoka kule kabisa. Akasisitiza nikopi.

Za wateja nilizikopi siku hiyo hiyo. Ile iliyoitwa Yangu niliiacha, kwa sababu kwetu vitu vya marehemu havihamishwi na mtu mmoja; watu wake lazima wawepo. Nikapiga simu katika duka moja la Kibugu, nikaacha ujumbe kwamba shemeji yangu aje Jumamosi.

Siku mbili za kumngoja sikuweza kukaa. Nilifungua gurudumu nililokuwa nimelitengeneza asubuhi, nikalitengeneza tena. Nilizunguka uwanja wa Kinoru kwa miguu bila shughuli yoyote. Nikirudi nyumbani nawasha mashine, naona folda ipo, nazima.

Jumamosi shemeji alifika kabla ya saa sita, amevaa lile koti. Yeye huongea Kiembu, mimi Kimeru, na hatujawahi kushindwa kusikizana. Akaitazama mashine.

"Siku ya nguo tulikuwa hapa sote, shemeji. Mbona hukuitaja hii?"

"Nilisahau." Kisha nikasema, "La, sikusahau. Niliogopa tukiifungua."

"Ulidhani amekuandika vibaya?"

"Ndiyo."

"Pengine amekuandika," akasema, akacheka kidogo. "Kaa chini basi. Unanichosha kwa kuzunguka."

Nikakaa. Nilikumbuka maneno ya yule kijana vizuri sana, kwa hiyo siwezi kujitetea. Lakini nikikopi, sehemu ya vitu vyake ingebaki kule, ije ifutwe na mgeni Jumatatu. Niliona ni kama kuacha nguo zake uani zikanyagwe. Nilimweleza shemeji, naye akasema tutoe vyote, visibaki nusu. Nikakata.

Vikaratasi vidogo vikaanza kuruka kwenye skrini, kutoka folda moja kwenda nyingine. Vikiwa bado vinaruka, stima ikapotea.

Ilichukua karibu saa nzima kurudi. Nilitembea hadi langoni na kurudi, sijui mara ngapi. Mashine ilipowaka ilijikagua kwa muda mrefu, na ilipomaliza, folda ile kule C ilikuwa tupu. Kwenye D kulikuwa na faili nne. Moja ilikuwa barua ya kuomba ruhusa kazini. Nyingine, nyimbo za kwaya. Ya tatu iliitwa Nguo.

Alikuwa ameandika nani apewe nini, mstari mmoja kwa kila mtu. Karibu yote tulikuwa tumekosea. Koti la kijani alimwandikia mke wa mwenye bucha wa Majengo, yule mama Mwislamu aliyekuwa akimletea supu na kumkanda miguu ilipovimba. Siku ya kugawana hatukumwita, kwa kuwa si wa ukoo.

Shemeji alisoma mara mbili. Akavua koti, akalikunja.

"Twende kabla sijaanza kusikia baridi."

Tukaenda Majengo kwa miguu. Yule mama alikataa kwanza, akasema yeye ana joto la jiko, koti libaki kwa dada. Shemeji akamjibu, "Halikuwa langu," akaliweka magotini pake. Mama yule akaushika ukosi. Mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kuketi hata pale.

Faili ya nne iliitwa Nyumbani. Tulipoifungua jioni hiyo ilikuwa alama tu, visanduku na mistari, ukurasa baada ya ukurasa. Jumatatu yule kijana alihangaika nayo, kisha akaniuliza, "Mzee, ulikata?"

"Nilikata."

Hakunilaumu. Akaifuta diski ya kwanza, akaenda zake.

Faili ile ilikuwa ndefu kuliko zote, na huenda humo ndimo nilimokuwa mimi. Ilipokataa kusomeka nililia mbele ya shemeji, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini chini yake niliona nafuu, ndogo, kama mtu aliyeambiwa kesi yake imeahirishwa. Hilo sikumwambia. Bado naifungua ile faili mara kwa mara, nateremka na zile alama hadi mwisho, halafu nainuka na kutembea.