Uso Nilioufuta

Nilipohamishiwa Likunja kufundisha shule ya msingi, nilikuta watoto hawataki kabisa kuchora. Nikabuni njia ya kuwatia moyo: kila Ijumaa, picha nzuri kuliko zote inabandikwa ukutani.

Msichana mmoja wa darasa la tano, mkimya sana, akamchora bibi yake. Ilikuwa picha nzuri ajabu, ila mashavu na paji la uso vilijaa mistari. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba uso wa mtu haukwaruzwi hivyo. Nikachukua kifutio, nikaifuta mistari yote, ndipo nikaibandika. Darasa likampigia makofi. Yeye akainamisha kichwa, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikadhani ni haya ya mtoto aliyesifiwa.

Mwezi uliofuata bibi alifariki, nikaenda msibani. Wadogo wa marehemu walikuwa wamekaa mkekani, vikongwe wa Kimakonde, kila mmoja na chale za zamani mashavuni na kwenye paji. Mistari ile ile. Mimi ni mtu wa Singida, na sikuwa nimeuliza.

Mama wa msichana akaniambia marehemu hakuwahi kupigwa picha, lakini mjukuu wake anasema ipo moja shuleni. Kesho yake niliipeleka. Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akanirudishia.

“Huyu simjui, mwalimu.”