Kiingereza cha Mwalimu Obdulia

Darasa la pili pale Shule ya Msingi Las Uvas lilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja katikati. Chumba chekundu kilikuwa cha Kihispania, cha buluu cha Kiingereza. Asubuhi watoto nusu walikaa huku, nusu kule, na baada ya chakula cha mchana walibadilishana kama timu zinazobadilishana magoli. Sheria ilikuwa moja tu: mwalimu wa chumba chekundu hajui Kiingereza. Yaani anakijua, ila mbele ya watoto hakijui. Mtoto akija analia kwa Kiingereza kwamba kasukumwa, mwalimu anashika kifua, anakodoa macho, "Ee? Unasemaje, mpenzi?" mpaka mtoto ajikamue Kihispania chake, hata kama ni kibovu, aseme goti linamuuma.

Kwa sheria hiyo hakuna aliyemfikia Obdulia Carrasco. Miaka sita hakuteleza hata neno moja. Walimu wengine ukiwakanyaga kidole Kiingereza kinawatoka chenyewe. Obdulia aliwahi kumwagikiwa na bakuli zima la pozole, supu ya mahindi na nyama, ikiwa ya moto kwenye sherehe ya shule, na alichopiga kelele kilikuwa Kihispania kitupu cha kwao Chihuahua, cha aina ambayo mkuu wa shule, Bwana Baca, ilimbidi awaambie watoto kwamba ni majina ya mitishamba. Walimu wapya waliletwa wakae nyuma ya darasa wamtazame.

"Mnaona nidhamu hiyo?" Baca aliwaambia.

Nidhamu haikuwepo. Mwalimu Obdulia alikuwa hajui Kiingereza.

Hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa kule Parral, Meksiko, ana vyeti vya kujaza sanduku, na huku bondeni kwetu, upande wa Marekani, walikuwa wanawatafuta walimu wa Kihispania kama maji. Baca alimhoji kwa simu, kwa Kihispania, kwa sababu Baca mwenyewe ni wa hapa hapa na bibi yake hakuwa na lugha nyingine. Mwisho kabisa akamuuliza, "Na Kiingereza unakijua?" Obdulia akasema, "Kiasi." Simu ikaisha. Hakuna aliyerudi kuuliza kiasi gani. Vikao vya walimu vilikuwa kwa Kihispania, dukani alihudumiwa kwa Kihispania, na kliniki binti yake Yaretzi alimtafsiria. Barua za wilaya alizisoma na kamusi pembeni. Mtu akimzungumzisha Kiingereza kwenye korido, alitabasamu, akatikisa kichwa, akasema "ndiyo, vizuri sana" kwa Kiingereza chenyewe, akageukia chooni. Watu walidhani ana tatizo la kibofu.

Lakini kibali chake cha kuishi nchini kilining'inia kwenye mkataba wa shule, na Yaretzi alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo kila Agosti, shule zikifunguliwa, Obdulia alianza kulala vibaya.

Jumatatu moja ya Oktoba, Bi Kimball wa chumba cha buluu alishikwa na uchungu wa kujifungua wiki tano kabla ya siku zake, kati ya somo la hesabu na mapumziko. Alasiri Baca akaingia chumba chekundu anapangusa jasho.

"Mwalimu Obdulia, mbadala hapatikani. Wilaya wanasema labda wiki tatu. Utashika vyumba vyote viwili. Asubuhi Kihispania kwa wote, mchana Kihispania unakivua, unavaa Kiingereza."

Obdulia alitabasamu, akatikisa kichwa.

"Na Alhamisi wazazi wanakuja kuangalia kipindi cha mchana," Baca akaongeza. "Watafurahi. Miaka sita watoto wanabishana kama unakijua ama hukijui!"

Alipotoka, Obdulia alikaa kwenye kiti cha mtoto kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nohemí, msaidizi wa darasa, ambaye ndiye mtu pekee pale shuleni aliyejua siri, alifunga mlango.

"Umwambie," Nohemí alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekula mshahara wa uongo miaka sita?"

"Mshahara ni wa Kihispania, dada. Hiyo kazi umeifanya."

"Fomu ya kibali inasema najua lugha mbili, Nohemí. Niliweka sahihi."

"Basi umwa Alhamisi."

"Niumwe wiki tatu? Nife kabisa, iwe rahisi."

Jumanne na Jumatano mchana aliwapa watoto kuchora, kukata na kubandika, kazi za mikono zisizo na maneno, na Nohemí akapita anasema yanayohitajika kusemwa. Obdulia alijifanya ana kikohozi. Usiku hata usiulize.

Somo la Alhamisi alilichagua kama mtu anayechagua njia isiyo na mbwa: kupima pilipili. Kila mtoto pilipili nyekundu iliyokauka na rula. Namba za Kiingereza mpaka mia alizijua. "Soma," "tena," na "vizuri sana" aliyajua. Sentensi aliziandika kwenye kadi na watoto ndio watakaosoma. Yeye ataonyesha kwa kidole.

Wazazi walikuja kumi na wanne, wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti usawa wa masikio. Obdulia alivua aproni nyekundu ya chumba chake mbele ya watoto, akavaa ya buluu ya Bi Kimball. Shingo zote zikanyooka.

"Sasa tutajua," Dagoberto alimnong'oneza jirani yake. Dagoberto alikuwa na miaka saba na alikuwa ameweka dau la keki zake za mchana za mwezi mzima kwamba Mwalimu Obdulia anajua Kiingereza na anawachezea.

Dakika ishirini zilikwenda. Kidole, kadi, mtoto anasoma: "Pilipili yangu ina inchi sita." Vizuri sana. Tena. "Pilipili yangu ina inchi saba na nusu." Mtoto mmoja aliionja yake akakimbizwa kwenye bomba, na hata hilo halikuhitaji lugha. Baca aliegemea mlango, uso unang'aa. Mgongo wa Obdulia ulikuwa umelowa, lakini saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na zilibaki dakika nane.

Ndipo Bwana Stroup aliponyoosha mkono. Huyu ni wa mashamba ya pekani, zile karanga za kwenye miti, kule juu ya mfereji, mrefu, kofia gotini, binti yake Delaney kwenye meza ya mbele. Akauliza swali kwa Kiingereza. Refu. Obdulia alilishika neno "binti yangu," akalishika "kusoma," mengine yakapita kama upepo kwenye wavu.

Akatabasamu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo. Vizuri sana."

Stroup akakunja uso, akauliza tena, fupi kidogo.

"Ndiyo," Obdulia akasema. "Vizuri sana."

Kisha akamwona Delaney. Mtoto alikuwa ameishika pilipili yake kwa mikono miwili, anamtazama Obdulia, na midomo inamcheza kama ya mtu anayezuia kilio kwenye msiba. Obdulia akang'amua. Kitu fulani alikuwa amekikubali. Hakujua kitu gani, ila kilikuwa cha huyu mtoto.

Angeweza kukohoa. Choo kilikuwa hatua kumi na mbili.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyokatika katikati. "Mimi hapana elewa. Samahani. Mimi hapana elewa, Kiingereza."

Chumba kililipuka.

"Anajua! Anajua!" Dagoberto alikuwa amepanda juu ya kiti. "Mmesikia? Kaongea! Leteni keki!"

"Kadanganya miaka yote!" mwingine akapiga kelele kwa furaha, na darasa zima likapiga makofi. Watu wazima hawakupiga. Watu wazima walikuwa wameelewa.

Nohemí akasogea, akasema taratibu kwa Kihispania, "Ameuliza kama Delaney yuko nyuma kwenye kusoma kiasi cha kumtoa darasa hili. Umesema ndiyo, vizuri sana. Mara mbili."

"Mungu wangu. Mwambie hapana." Na hapo Obdulia akamgeukia Stroup, akasema kwa lugha yake, haraka, mikono hewani, na Nohemí akimfuata nyuma kwa Kiingereza akihema: kwamba Delaney mwezi wa nane alikuwa anasoma herufi moja moja, sasa anasoma hadithi ya kurasa nane kwa Kihispania na kumsahihisha mwalimu. Kwamba Kiingereza chake Bi Kimball ameandika kiko sawa na wenzake, karatasi ile pale. Kwamba mtoto akitolewa sasa ataona ametolewa kwa kushindwa, na hajashindwa. "Aliyeshindwa ni mimi," akasema. Nohemí alisita kulitafsiri hilo. Akalitafsiri.

Stroup alimtazama binti yake. "Nitafikiria," akasema, akavaa kofia.

Ofisini Baca hakukaa.

"Nilikuuliza kwenye simu."

"Nikasema kiasi."

"Na hicho kiasi ndicho kipi?"

"Umekisikia chote leo, Bwana Baca."

Kicheko kilimfika Baca mpaka puani, akakirudisha. "Umeniaibisha mbele ya wazazi kumi na wanne. Mimi ndiye niliyekuwa naleta watu wakutazame." Akaokota kalamu, akaitupa mezani. "Lazima niwaandikie wilaya leo hii, kabla Stroup hajawaandikia. Mchana nitashika mimi mwenyewe mpaka mbadala apatikane. Wewe utabaki chumba chekundu. Mwezi wa Mei kuna mtihani wa Kiingereza wa walimu. Ukifeli, mkataba unaishia Juni, na siwezi kukusaidia."

"Na wilaya wakisema niondoke sasa?"

"Basi utaondoka sasa. Nitawaambia nilivyokuona ukifundisha. Zaidi ya hapo sina."

Obdulia alirudi kupanga vile viti vidogo, akaokota na vipande vya pilipili, akatoka. Yaretzi alikuwa anamsubiri kwenye gari, dirisha wazi.

"Vipi, Mama?"

Obdulia alifunga mkanda mara mbili kabla haujashika. Wilaya, Stroup, Mei, Juni. Alivihesabu, akaanza upya.

"Nizungumzishe Kiingereza," akasema. "Polepole. Na usicheke."

Yaretzi akacheka. Kisha akaona mama yake hatanii, akawasha gari, akaanza na majina ya vitu vya njiani.