Sweta ya 142857

Mume wa mama mfuma sweta, mtaa mzima ulimwita Redio, na jina halikumwonea. Alistaafu udereva wa lori akabaki na mdomo, na mdomo huo ulikuwa na kipindi kimoja ulichokipenda: 142857.

"Izidishe mara mbili, unapata 285714. Tarakimu ni zilezile, zimesogea tu. Mara tatu, 428571. Mpaka mara sita, hakuna ngeni inayoingia."

Wageni wakisikia hivyo walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Mkewe alicheka huku sindano zikienda.

Kisha presha ya macho ikamnyang'anya mama nuru, kwanza pembeni, mwishowe kote. Vidole viliweza kufuma bila macho, lakini urembo wa mistari ulimshinda. Akikatizwa kidogo tu, hesabu ilimpotea na hakuwa na pa kuitafuta. Kuuliza wengine kila mara aliona ni kama kuomba ruhusa ya kufanya kazi yake mwenyewe, na moyoni alishaanza kuiaga.

Redio ndiye aliyemvutia kiti.

"Mke wangu, ikate namba yangu katikati. Mkono wa kushoto wa sweta utie mstari mmoja ulioinuka, uache nafasi, kisha minne, kisha miwili. Wa kulia, minane, mitano, saba. Sasa linganisha. Moja na nane, nne na tano, mbili na saba. Kila jozi ni tisa. Ukipotea mkono mmoja, papasa wa pili."

"Na mteja akitaka urembo mwingine?"

"Anzia mbele kidogo. 285 huku, 714 kule. Bado tisa."

Sweta ya kwanza ilikuwa ya jirani yao, mwalimu. Mkono wa kulia ulipofika kwenye kifundo, mama akaitandaza mapajani aikague. Redio alikaa pembeni, kimya.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Moja na nane, tisa. Nne na... akarudia kuhesabu kwa ukucha. Sita. Jumla kumi. Alifumua mkono kuanzia chini mpaka pale palipoharibika, akafuma upya, akapapasa tena. Tisa, tisa, tisa. Kazi ilikuwa bado yake, na furaha ilimjaa.

Halafu akageuza uso kule alikojua mumewe amekaa.

"Lile kosa uliliona?"

"Tangu juzi."

"Na hukusema."

"Ulimi uliniwasha. Nikaenda kumsumbua kinyozi."

Mama alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Alinyoosha mkono akatafuta wa mumewe, akaushika.

"Asante."

"Si ulishanishukuru kwa ile namba?"

"Ile ilikuwa ya namba. Hii ni ya siku mbili ulizonyamaza."